Diski za vumbi kwenye nyota changa zinazofanana na Jua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila darubini inapotolewa uwanjani, iwe Wete, Makunduchi au Forodhani. Vijana wa skuli huuliza ya mwanzo, wazee huuliza magumu zaidi. Mwenye haraka asome la 4 na la 11. Mengi ya mengine yameegemea hayo mawili.

## Ya msingi

1. Diski ya vumbi ni kitu gani hasa?

Ni mawe, changarawe na vumbi vinavyoizunguka nyota katika bapa moja, mara nyingi kwa umbo la pete pana iliyo wazi katikati. Tunachokiona ni vumbi tu. Miamba mikubwa iliyolizaa vumbi hilo haionekani, ingawa karibu uzito wote wa diski umo ndani yake. Wataalamu huziita diski za vifusi, na jina limekaa mahali pake, maana kilichomo humo ni vitu vilivyovunjika.

2. Je, ndiyo ile diski ambayo sayari huumbwa ndani yake?

Hapana, ingawa hata magazeti huzichanganya. Diski ya kuumbia sayari huwapo nyota inapozaliwa, na imejaa gesi, hasa hidrojeni. Gesi hiyo haikai sana: kwa kawaida haimalizi miaka milioni 10, nyingine ikanaswa na sayari kubwa, nyingine ikapeperushwa. Diski ya vifusi huja baada ya hapo, wakati kilichobaki ni miamba na sayari zilizokwisha kuumbwa au zinazomalizia.

3. Nyota "changa" ina miaka mingapi? Na "kufanana na Jua" ni kufanana vipi?

Jua lina miaka bilioni 4.6. Kwa mazungumzo haya, nyota changa ni yenye miaka kama milioni 10 hadi mamia kadhaa ya milioni. Kufanana na Jua ni kuwa na uzito na joto vinavyolikaribia, yaani nyota za makundi ambayo wanaastronomia huyaandika F, G na K. Jua lenyewe ni G.

Tahadhari moja. Nyota tatu zinazotajwa sana katika habari hizi, Vega, Fomalhaut na Beta Pictoris, si ndugu wa Jua. Ni nzito na za moto zaidi. Nimezitaja humu kwa sababu hadithi ilianzia kwao, si kwa sababu zinatuonyesha ujana wa Jua.

## Vumbi linatoka wapi

4. Mnajuaje kuwa vumbi hilo ni jipya, si mabaki ya tangu nyota ilipozaliwa?

Kwa sababu vumbi halidumu karibu na nyota. Mwanga wa nyota huliondoa kwa njia mbili. Chembe ndogo kuliko mikromita moja hivi husukumwa na mwanga wenyewe hadi zikatoka nje ya mfumo. Zilizo kubwa kidogo hazisukumwi nje, bali mwanga huzipunguzia mwendo kidogo kidogo, nazo zikawa zinazunguka kwa duara linalozidi kubana mpaka zikaifikia nyota na kuungua. Hesabu ya jambo hili la pili ilianzwa na John Poynting mwaka 1903, kisha Howard Robertson akaiweka sawa mwaka 1937 kwa kutumia nadharia ya Einstein. Chembe ndogo iliyo mbali na Jua kama ilivyo dunia humalizwa na maelfu ya miaka tu. Iliyo mbali kama Pluto huchukua mamilioni. Na ndani ya diski nzito nyingi hazifiki hata huko, kwa sababu hugongana na kusagika kabla.

Sasa weka hesabu pamoja. Nyota ina miaka milioni 100, na vumbi lake halina uwezo wa kuishi muda huo. Basi lipo linalolizalisha hata leo. Ukipita uani kwa mtu ukakuta machicha bado mabichi, huna haja ya kuingia jikoni kujua kuwa imekunwa nazi asubuhi hiyo. Ndivyo tunavyosoma diski hizi: miamba hatuioni, lakini vumbi bichi linatwambia kuwa ipo, ni mingi, na inavunjana.

Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika somo hili, na ndilo linalorukwa upesi kwa sababu picha zinapendeza mno.

5. Miamba hiyo inavunjanaje?

Kwa kugongana. Mwamba wa makumi ya kilomita hupasuka vipande, vipande hugongana navyo vikatoa changarawe, changarawe ikatoa vumbi. Lakini miamba inayozunguka nyota kwa njia zinazofanana hugusana kwa mwendo wa taratibu, na vitu vikigusana taratibu hugandana badala ya kuvunjika. Ili vivunjike, lazima kitu kikubwa kizivuruge njia zao: sayari, au vitu vya ukubwa wa Pluto vilivyomo humo humo ndani ya ukanda. Nyota-mkia nazo huchangia. Zikiikaribia nyota, barafu yao hugeuka mvuke na kuacha vumbi njiani.

6. Vumbi lenyewe ni la nini?

Zaidi ni madini ya jamii ya silika, kaboni na, kwenye baridi ya mbali, barafu. Barafu ilikuwa ikidhaniwa kwa miaka mingi bila ushahidi wa wazi. Mwaka 2025 ilitangazwa kuwa darubini ya James Webb imeona barafu ya maji, tena ya fuwele, katika diski ya nyota HD 181327. Nyota hiyo ina miaka milioni 23 hivi, iko umbali wa miaka ya nuru 155 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), na ni nzito kidogo kuliko Jua. Barafu ilikuwa nyingi sehemu za nje za diski na ikipungua kadiri unavyoikaribia nyota, kama hesabu za joto zilivyotaka.

7. Kwa hiyo kila penye diski pana sayari?

Si lazima. Pengo ndani ya diski, ukingo mkali au pete isiyo na kitovu chake kwenye nyota ni dalili za sayari, lakini dalili si sayari. Chukua HD 107146, nyota ya kundi G kama Jua, miaka ya nuru 90 hivi kutoka hapa, yenye umri wa kati ya miaka milioni 80 na 200. Diski yake ni pana ajabu: inaanzia mara 40 ya umbali wa dunia na Jua, inafika mara 140, na katikati yake pana pengo. Sayari inaweza kulichimba pengo hilo, lakini hakuna aliyeiona bado.

Epsilon Eridani ni kisa kingine. Ni nyota ndogo kuliko Jua, miaka ya nuru 10.5 tu, umri wa miaka milioni 400 hadi 800. Ina pete ya vumbi kwenye mara 70 hivi ya umbali wa dunia na Jua, na tangu mwaka 2000 inatajwa kuwa na sayari ya jamii ya Mshtarii. Sayari hiyo, kama vipimo vinavyosema, iko ndani kabisa, mara tatu na nusu tu. Basi pete ya nje inachungwa na nani?

## Linavyoonekana

8. Vumbi liko mbali namna hiyo na halina mwanga wake. Linaonekanaje?

Kwa joto. Vumbi likipigwa na mwanga wa nyota hupata joto, nalo hulitoa tena kwa njia ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho. Tukisema joto usifikirie moto: vumbi la mbali lina nyuzi kama 200 chini ya sifuri. Lakini eneo la chembe zote zikijumlishwa ni kubwa kuliko la nyota, kwa hiyo katika infraredi ya mbali nyota huonekana kutoa zaidi ya inavyostahili. Ziada hiyo ndiyo diski.

Angahewa yetu huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ndiyo maana kazi hii imefanywa zaidi na darubini za angani: IRAS mwaka 1983, Spitzer kuanzia 2003 hadi 2020, Herschel 2009 hadi 2013, na sasa James Webb. Huku chini ipo ALMA, kundi la antena kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, mahali pakavu.

9. Nani wa kwanza kuziona?

IRAS, na kwa bahati. Satelaiti hiyo ya Marekani, Uholanzi na Uingereza ilikuwa ikiitumia Vega kusawazisha vipimo vyake, kwa kuwa Vega ilihesabiwa nyota isiyo na makuu. Namba zikakataa kukubaliana: Vega ilikuwa inang'aa mno katika infraredi. Mwaka uliofuata, 1984, Bradford Smith na Richard Terrile wakapiga picha ya diski ya Beta Pictoris kutoka Las Campanas, Chile, ikiwa imeonekana kwa ubavu.

Kwa nyota zinazofanana na Jua, picha zilichelewa. Ya HD 107146 (tazama swali la 7) ilipigwa na Hubble na kutangazwa mwaka 2004.

10. Ni nyota ngapi zina diski? Na kwa nini nyingine hazina?

Miongoni mwa nyota za jirani zinazofanana na Jua, moja katika tano hivi inayo diski ya baridi ambayo Herschel iliweza kuipima. Zilizobaki huenda zinazo pia, ila hafifu. Jua letu lingekuwa katika kundi hilo la zilizobaki: mtaalamu aliye kwenye nyota nyingine, akiwa na vifaa vyetu, angeandika kuwa Jua halina diski.

Umri una sehemu yake. Miamba ikivunjana huisha, kwa hiyo diski hufifia kadiri nyota inavyozeeka. Halafu inakuja Tau Ceti kuharibu hadithi nzuri: ni nzee kuliko Jua, iko miaka ya nuru 12 hivi, na ina vumbi zaidi ya mara 10 ya letu.

## Jua letu, na anga ya Unguja na Pemba

11. Je, Jua letu lina diski?

Linazo mbili, zote za uzeeni. Ya nje ni ukanda wa Kuiper, wa miamba yenye barafu, kuanzia Neptuni kwenda mbele. Ya ndani ni vumbi lililotanda kati ya Jua na Mshtarii, linalotoka zaidi kwenye nyota-mkia na kiasi fulani kwenye asteroidi, yaani miamba midogo inayolizunguka Jua. Mwanga linaourudisha ni kama sehemu moja katika milioni kumi ya mwanga wa Jua. Diski tunazozisoma kwenye nyota changa ni mara mamia au maelfu ya hapo. Makumi ya tani za vumbi hilo huingia katika angahewa ya dunia kila siku, Pemba ikipata fungu lake.

Zuri ni kwamba diski hii ya ndani huna haja ya darubini kuiona. Ndiyo weupe laini unaosimama juu ya upeo wa magharibi baada ya Isha na juu ya mashariki kabla ya Alfajiri, mpana chini na mwembamba juu, ukilalia njia ile ile ya Jua na sayari. Sisi tulio karibu na ikweta tumependelewa: njia hiyo husimama karibu wima mwaka mzima, wakati watu wa Ulaya hungojea miezi michache tu.

12. Ina maana hiyo ndiyo alfajiri ya uongo?

Ndivyo wengi wanavyoielewa, na maelezo yanaoana. Vitabu vya fikihi vinaieleza alfajiri ya uongo kuwa mwanga unaopanda juu kwa urefu kama mkia wa mbwa mwitu, kisha kiza hurudi. Alfajiri ya kweli ni ile inayotanda kwa upana kwenye upeo. Vumbi la Jua hufanya hivyo hivyo: nguzo ya weupe iliyosimama, halafu mapambazuko yenyewe huja kwa mlalo.

Swali linalofuata mara zote ni kama hili linabadilisha saa za sala au mwisho wa daku. Halibadilishi kitu. Mafakihi walikwisha kutenganisha alfajiri mbili karne nyingi kabla ya yeyote kujua kuwa ya kwanza ni vumbi. La ibada waulizwe masheikh.

13. Niende wapi, na lini?

Kwa alfajiri, pwani ya mashariki: Jambiani, Makunduchi, au upande wa Micheweni kule Pemba, kati ya saa 10 na saa 11 kasoro robo. Kwa jioni unataka bahari ya magharibi, kuanzia saa 2 usiku hivi. Ras Kigomasha ni pazuri sana. Nungwi ilikuwa nzuri, ila taa za mahoteli zimeimaliza. Miezi ya masika usijichoshe. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua zimekatika, ndiyo wakati wake.

Mwezi usiwepo angani. Hapo pana mtego mmoja: usiku wa kiza ndio usiku wa wavuvi wa dagaa, na taa zao zikitandazwa baharini mbele yako huoni kitu. Waulize vijana wa bandarini kabla ya kutoka. Wanajua chombo kipi kinakwenda wapi.

Yape macho nusu saa ya kiza, na simu ibaki mfukoni. Wengi hushindwa kwa sababu ya simu tu.

14. Nyota zenyewe zenye diski naweza kuziona?

Nyota ndiyo, diski hapana, hata kwa darubini ya skuli. Saa 3 usiku mwishoni mwa Oktoba, Fomalhaut huwa juu, upande wa kusini, peke yake pasipo nyota nyingine kali karibu. Mapema Disemba saa hiyo hiyo ni zamu ya Tau Ceti, karibu utosini. Mapema Januari, Epsilon Eridani huwa utosini kabisa. Hizi mbili si kali. Ramani ya nyota itakufaa. HD 107146 haionekani kwa macho matupu, lakini darubini ya macho mawili inaitoa.

15. Ni kweli mpiga gitaa wa Queen alisomea vumbi hili?

Kweli. Brian May alianza shahada ya uzamivu juu ya mwendo wa vumbi la Jua miaka ya 1970 huko Imperial College London, akaiacha kwa ajili ya muziki, akaimaliza mwaka 2007. Na mwimbaji wa bendi hiyo, Freddie Mercury, alizaliwa hapa hapa Zanzibar mwaka 1946. Uhusiano wa vumbi na kisiwa unaishia hapo, ila wageni wa Mji Mkongwe hulipenda jibu hili kuliko mengine yote.

16. Kijana wa hapa anaweza kushiriki bila darubini kubwa?

Anaweza. Mwaka 2014 ulianzishwa mradi wa Disk Detective wa NASA, ambamo watu wa kawaida walipitia picha za satelaiti ya WISE kwenye intaneti na kuchagua nyota zenye dalili za diski. Picha za Hubble na James Webb nazo huwekwa katika hifadhi zilizo wazi, zikishapita muda wa wale walioomba kuzipiga. Kinachohitajika zaidi ni hisabati.

## Mambo ya pembeni

17. Nimesoma kuwa sayari ya Fomalhaut ilitoweka. Inawezekanaje?

Kwa sababu pengine haikuwa sayari. Ilitangazwa mwaka 2008 kutokana na picha za Hubble, ikafifia mwaka hadi mwaka, na mwaka 2014 haikuonekana tena. Maelezo yaliyotolewa mwaka 2020 ni kuwa lilikuwa wingu la vumbi la mgongano mmoja mkubwa, likipanuka mpaka likapotea. Kwangu mimi hiyo ni habari bora kuliko sayari, maana tunachokisema katika swali la 4 na la 5 huwa ni hoja ya jumla, na hapa ulionekana mgongano mmoja wenyewe.

18. Diski inaweza kubadilika ndani ya umri wa mtu?

Ya mbali na ya baridi, hapana. Ya karibu na nyota, ndiyo, na hapo ndipo mambo yanaposhangaza. Nyota ID8, ya kundi la NGC 2547, ina miaka milioni 35 na inafanana na Jua. Spitzer iliiona ikipata vumbi jipya kwa ghafla kati ya Agosti 2012 na Januari 2013. TYC 8241-2652-1, changa zaidi, ilifanya kinyume: vumbi lake lilikuwa jingi tangu 1983 hadi 2008, na kufikia 2010 karibu lote halipo. Maelezo yaliyopendekezwa ni kadhaa, na hakuna lililoshinda.

Kisha ASASSN-21qj. Mwishoni mwa 2021 nyota hiyo ilififia. Watu walipopekua vipimo vya nyuma wakakuta kuwa miaka miwili na nusu kabla yake ilikuwa imeongeza mwanga wa infraredi. Waliotoa ripoti mwaka 2023 walipendekeza kuwa sayari mbili kubwa zenye barafu ziligongana, joto likaonekana kwanza, kisha wingu likapita mbele ya nyota. Mwezi wetu nao, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, ulitokana na mgongano wa namna hiyo, dunia ikiwa ingali changa.

19. Mbona baadhi ya diski za vifusi zimekutwa na gesi, na mmesema gesi huisha?

Ni kweli, na swali la 2 limerahisisha. Diski ya 49 Ceti, kwa mfano, ina monoksidi ya kaboni. Nyingi ya gesi hizo hudhaniwa kutolewa na barafu ya miamba inapovunjana, kwa hiyo nayo ni mpya kama vumbi. Kwa diski chache mjadala haujafungwa: huenda ni gesi ya tangu kuzaliwa iliyochelewa kuondoka.

20. Nyota ikifa, diski inakwenda nayo?

Si yote. Nyota kama Jua ikimaliza kuwaka hubaki kibete cheupe, kidogo kama dunia kwa ukubwa. Asteroidi iliyosalia ikikisogelea mno huraruliwa na mvutano wake, nayo ikawa diski mpya ya vumbi, ndogo na iliyokisogelea sana kibete. Ya kwanza kushukiwa ilikuwa ya G29-38, mwaka 1987, nayo iligunduliwa kwa njia ile ile ya swali la 8: infraredi iliyozidi.